Harakiri: neno moja, siku tatu, na shangazi aliyekuja kutibiwa macho

Shangazi yangu alikuja Dar kutoka Tanga kwa ajili ya macho, na mtu akiwa na shida ya macho masikio yake yanafanya kazi ya watu wawili. Mimi niko mezani na laptopu, kuna sentensi imenigomea, na nikikwama huwa nasoma kwa sauti kama mwendawazimu, naisoma mara tano mara sita nikitegemea itajitafsiri yenyewe. "Amefanya harakiri ya kisiasa. Amefanya harakiri ya kisiasa." Yeye yuko kwenye kochi anamenya vitunguu saumu kwa kupapasa, kanyamaza muda mrefu, halafu akauliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, nani huyo kahara halafu kakiri?"

Nilicheka mpaka nikafunga laptopu. Nikamwambia shangazi ni neno la Kijapani hilo, wala hakuna aliyehara. Akasema haya, mie nimesikia kuhara na kukiri, labda huko kwao mtu akihara lazima akiri. Akaendelea na vitunguu vyake. Sasa mimi nikabaki na lile swali kichwani, na ndiyo chanzo cha mimi kupoteza siku tatu kwenye neno moja, na mniwie radhi maana leo nimeamua kuwapotezea na nyie.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu. Makala ya Kiingereza, maneno kama elfu moja mia mbili, kuhusu mwanasiasa fulani huko Ulaya aliyeitisha kura mwenyewe akijua atashinda, hakulazimishwa na mtu, akashindwa vibaya. Mwandishi akasema jamaa kafanya harakiri ya kisiasa. Msomaji wa Kiingereza anapita hapo hata hashtuki, kwake ni kama kusema mtu kajiharibia kijinga. Tunalo la kusema pia sisi, tena mengi: kajipalia makaa, kajichimbia kaburi, kalikoroga, kakata tawi alilokalia. Tena kuna hili la siku hizi "kajipiga risasi mguuni" ambalo ni Kiingereza kilichovaa kanzu, mimi silitumii. Ningechagua moja hapo nikalala. Lakini shangazi alishaniharibia, nikaanza kujiuliza hilo hara ni nini na hilo kiri ni nini.

Na jibu la kwanza ndilo lililoninyima usingizi. Hara kwa Kijapani ni tumbo. Jamani. Shangazi hajafika Japani, hajafika hata Zanzibar, lakini amesikia "hara" akaenda moja kwa moja tumboni. Kiri yenyewe inatokana na kitenzi cha kukata. Kwa hiyo harakiri ni kukata tumbo, yaani mtu kujiua kwa kujipasua tumbo, basi, neno la kawaida kabisa la mtaani, halina utukufu wowote ndani yake.

Tena Wajapani wenyewe kwenye mambo rasmi hawakupenda kulitumia. Neno la heshima ni seppuku. Ukiyaandika haya mawili kwa zile herufi walizochukua China utakuta ni herufi zilezile mbili, ya kukata na ya tumbo, ila moja inaanza na kukata na nyingine inaanza na tumbo. Seppuku inasomwa kwa matamshi yaliyotoka China, harakiri kwa matamshi ya nyumbani. Kwa mtu anayeongea Kiswahili hili ni rahisi kulielewa, maana na sisi tuna neno la sebuleni na neno la jikoni. Mtu mzima amefariki, kuku amekufa. Daktari anaandika kwenye cheti mgonjwa anaharisha, shangazi anasema tumbo linamwendesha. Basi seppuku ni ile kufariki, iko kwenye hati na kwenye hukumu, na harakiri ni ya mdomoni. Wageni walipofika katikati ya karne ya 19, baada ya manowari za Kimarekani za Perry kuilazimisha Japani ifungue milango mwaka 1853 na 1854, wao wakachukua la mdomoni. Kuanzia miaka ya 1850 likaanza kuonekana kwenye maandishi ya Kiingereza, na Waingereza hawajawahi kulitamka sawasawa mpaka leo, wengine wanasema harikari kama vile ni jina la mtu na baba yake.

Kuna filamu moja maarufu ya Kijapani ya mwaka 1962, ya picha nyeusi na nyeupe, nzuri sana ila inauma. Kwao inaitwa Seppuku. Ilivyovuka kwenda kwa wasema Kiingereza ikaitwa Harakiri. Yaani hata kwenye bango la sinema neno la sebuleni lilibaki nyumbani.

Sasa swali, kwa nini tumbo? Hapa nilimtafuta jamaa yangu aliyesoma Osaka miaka mitatu, tuliwahi kukaa chumba kimoja chuoni, siku hizi yuko Dodoma. Nikamuuliza kwa vois nouti, akanirudishia vois nouti ya dakika kumi na moja. Anasema kaka, kwa Wajapani tumbo linafanya kazi ambayo kwetu wanagawana moyo, roho, kifua na nyongo. Mtu akikasirika wanasema tumbo limesimama. Mtu mbaya wa kimyakimya, yule anayekuchekea halafu anakuchimba, ana tumbo jeusi, sisi tunasema ana roho nyeusi. Mkarimu anayetoa bila kuhesabu ana tumbo nene. Kumpeleleza mtu anawaza nini ni kumpapasa tumbo. Na watu wawili wakiamua kuambiana ukweli bila kona kona, wanasema tuongee kwa kupasua tumbo.

Hiyo ya mwisho nikairudia mara mbili. Kupasua tumbo ni kusema kweli. Mwaka 1900 kulikuwa na msomi wa Kijapani, Nitobe Inazo, aliyeandika kwa Kiingereza akijaribu kuwaeleza Wazungu hizi tabia za samurai, wale wapiganaji wa upanga wa zamani (huyu baadaye alikuwa mmoja wa wakubwa kwenye Ushirika wa Mataifa kule Geneva, na sura yake ikawekwa kwenye noti ya yen 5,000). Alivyoieleza yeye, samurai anayekata tumbo ni kama anasema: humu ndimo ilimo nafsi yangu, naifungua, njooni mtazame wenyewe kama ni chafu au safi. Yaani tumbo ni sanduku la siri, na ukishutumiwa unalifungua mbele za watu.

Ukiisikia hivyo inavutia, na mimi nilivutiwa kwa kama nusu siku hivi. Mpaka nilipoanza kusoma ni nani hasa walikuwa wanakata na kwa sababu gani. Ndipo nikagundua wengi wao walikuwa wameamriwa.

Hili ndilo jambo ambalo Kiingereza kimelisahau kabisa. Mwanzoni, karne za vita, ilikuwa ni jambo la mtu aliyeshindwa asitake kuangukia mikononi mwa adui, mfano anayetajwa sana ni wa Minamoto no Yorimasa mwaka 1180, mzee wa zaidi ya miaka sabini, amezingirwa kwenye hekalu la Byodo-in kule Uji, akaandika shairi lake la mwisho kwanza. Sawa. Lakini wakati wa watawala wa ukoo wa Tokugawa, kuanzia miaka ya 1600, nchi imetulia, vita hakuna, na kile kitu kikageuka kuwa hukumu ya mahakama. Ilikuwa na ratiba, mikeka ya kukalia, mavazi ya rangi maalum, mashahidi, karani. Kuna mtu wa kusimama nyuma na upanga kazi yake kumaliza haraka, na kadiri miaka ilivyokwenda huyo wa nyuma ndiye aliyebaki na kazi yote, maana mara nyingi mhukumiwa aliwekewa kisu cha mbao au hata kipepeo cha kujipepea, akinyoosha mkono tu kukigusa, yule wa nyuma ameshamaliza. Ilikuwa ni adhabu ya kifo iliyopewa jina zuri na nguo nzuri. Na ilikuwa ni upendeleo! Mkulima akikosea anakatwa kichwa kama mhalifu, samurai akikosea anaruhusiwa kuonekana kama amejiamulia. Faida yake ni kwamba jina halichafuki, na mara nyingine familia inaachiwa urithi wake. Ukimwambia mtu "ukikubali kimya watoto wako watakula, ukibisha hawatakula", halafu akakubali, sijui kama hilo tuliite hiari.

Kile kisa cha ronin 47 wengi mnakijua kwa juu juu, kimechezwa mno. Mwaka 1701 bwana mmoja kijana anaitwa Asano, mtawala wa Ako, alichomoa silaha ndani ya kasri la Edo (ndiyo Tokyo ya leo) akamjeruhi afisa anaitwa Kira. Kuchomoa silaha mle ni kosa kubwa. Hukumu ya seppuku ilitoka siku hiyohiyo na ikatekelezwa siku hiyohiyo, hapakuwa na rufaa wala nini, na Kira hakuguswa. Eneo la Asano likachukuliwa na watumishi wake wakabaki bila bwana, na samurai asiye na bwana ndiye ronin. Wakasubiri karibu miaka miwili, wakiongozwa na Oishi, wakavamia nyumba ya Kira usiku wa baridi wakamuua, wakapeleka kichwa chake kwenye kaburi la bwana wao pale hekalu la Sengakuji. Serikali ikakwama. Watu mtaani wanawashangilia, sheria inasema ni wauaji. Wakubwa walijadiliana wiki kadhaa na jibu likawa ni lile lile la katikati: wafe, lakini wafe kwa seppuku, si kama majambazi. Watu 46 mwanzoni mwa mwaka 1703, mmoja alisalimika na wanabishana mpaka leo ilikuwaje. Kati ya hao 46 alikuwemo mtoto wa Oishi, ana miaka 16 kwa hesabu ya kwao. Kila nikisoma habari za heshima na uaminifu za wale watu nagota kwa huyo mtoto. Makaburi yao yapo Sengakuji, Tokyo, jamaa yangu aliwahi kwenda, anasema moshi wa ubani haukatiki.

Na sasa nakuja kwenye usiku ambao naona ndio ulioliingiza neno hili kwenye Kiingereza kwa nguvu zake zote. Mwaka 1868, serikali ya kale imeanguka, ya mfalme Meiji ndiyo kwanza inaanza. Tarehe 4 Februari, pale Kobe, kikosi cha askari wa jimbo la Bizen kinapita njiani, kukatokea vurugu na wageni, afisa mmoja akaamuru wapige risasi. Hakufa mgeni hata mmoja, ila mataifa yakawaka, wakashusha wanajeshi, wakakamata meli. Serikali mpya ilikuwa na hamu ya kuonekana na mataifa kwamba ni serikali kweli, wakasema sawa, aliyetoa amri atakufa, na nyinyi mje mshuhudie.

Jina lake Taki Zenzaburo, umri miaka 32. Tarehe 2 Machi, saa nne na nusu usiku, ndani ya hekalu, taa za mishumaa, wawakilishi saba wa kigeni wamekaa upande mmoja. Mmoja wao alikuwa Mwingereza, kijana wa ubalozini, Mitford, ambaye miaka mitatu baadaye, 1871, alichapisha kitabu chenye maelezo ya usiku ule, na hicho ndicho Waingereza walichosoma majumbani kwao wakatetemeka. Kabla ya hapo mabalozi walibishana karibu saa tatu nzima kama wamsamehe. Wakaamua hapana.

Sehemu ya damu naomba niiruke. Kilichonishika mimi ni kilichotokea kabla. Taki aliinama kwa mashahidi, akasema maneno machache. Akasema kwamba ni yeye, na yeye peke yake, aliyetoa amri ya kuwapiga wageni risasi pale Kobe, akaitoa tena walipokuwa wanakimbia, na kwa kosa hilo anakufa, na anawaomba waliopo wamheshimu kwa kushuhudia. Na Mitford, aliyekuwa amekaa hatua chache tu, anaandika kwamba sauti yake ilikuwa na kusita na uchungu kidogo, kiasi kile unachokitegemea kwa mtu anayetoa ungamo zito.

Ungamo. Yaani kakiri!

Nilitoka na simu mkononi mpaka sebuleni kumwambia shangazi. Nikamsomea. Alikuwa ametiwa dawa ya kupanua mboni siku hiyo, kafunga macho na kitambaa. Akasema, "Si nilikwambia." Halafu baada ya kimya: "Na hao waliokaa wanatazama, walikiri nini?"

Sikuwa na jibu na bado sina. Mabalozi waliobishana saa tatu kuhusu roho ya mtu kwa kosa ambalo halikuua mtu, na watu saba waliokaa kutazama. Siwezi kusema walikuwa mashetani, Mitford mwenyewe anaonekana usiku ule ulimkaa. Lakini ukisoma unaona heshima yote inamiminiwa yule anayekufa, kakaa wima, hajatetemeka, samurai kweli kweli, na sifa zote hizo zinawasaidia wengine wote mle ndani wasijisikie vibaya.

Na siku chache baadaye, mwezi huohuo wa Machi, ikatokea nyingine, Sakai, karibu na Osaka. Hii ilikuwa mbaya zaidi. Askari wa jimbo la Tosa waliua mabaharia 11 wa Kifaransa. Wafaransa wakataka watu, wakahukumiwa 20. Wakaanza, mmoja mmoja, mbele ya nahodha wa Kifaransa. Walipofika 11, nahodha akasimamisha. Wengine wanasema ni kwa sababu hesabu imetimia, kumi na moja kwa kumi na moja, wengine wanasema hakuweza kuvumilia kutazama tena, jioni inaingia. Chochote kile. Waliobaki tisa wakaambiwa nendeni, wakapelekwa uhamishoni. Huwa nafikiria sana aliyekuwa wa kumi na mbili. Ameshavaa, ameshaandika, ameshaaga kwao, yuko kwenye foleni. Halafu anaambiwa basi. Anarudije kula wali kesho asubuhi?

Mwaka uliofuata, 1869, kuna mjumbe alisimama kwenye baraza la serikali mpya akapendekeza jambo hili liachwe, wenzake karibu wote wakampinga. Likafutwa kama adhabu ya kisheria mwaka 1873. Baada ya hapo waliofanya walifanya kwa hiari yao kweli, na wanaotajwa sana ni hawa: jenerali Nogi mwaka 1912, siku ya mazishi ya mfalme Meiji, yeye na mkewe, ingawa kumfuata bwana kaburini kulipigwa marufuku na serikali ya Tokugawa tangu 1663. Na mwandishi Mishima tarehe 25 Novemba 1970, kwenye kambi ya jeshi Tokyo, baada ya kuwahutubia askari waliokuwa wanamzomea. Huyo sina la kumsema sana, wanaompenda watanivamia. Ila kuna kitu cha ajabu, mwezi huohuo wa Novemba 1970, Ufaransa kulikuwa na gazeti la dhihaka linaitwa Hara-Kiri, likafanya mzaha juu ya kifo cha de Gaulle, rais wao wa zamani, serikali ikalipiga marufuku, wenyewe wakabadili jina wakaliita Charlie Hebdo, toleo la kwanza likatoka siku mbili kabla ya Mishima. Neno lilelile, huku kichekesho na kule msiba, ndani ya wiki moja.

Ngoja nitoke kidogo nje ya njia maana hapa pana mtu wetu. Mwaka 1582, Oda Nobunaga, bwana aliyekuwa anakaribia kuiunganisha Japani nzima, alivamiwa alfajiri na jenerali wake mwenyewe, Akechi, akiwa amelala kwenye hekalu la Honnoji kule Kyoto. Hana njia ya kutoka, akafanya seppuku moto ukiwaka. Na pale alikuwepo mtumishi wake, mtu mweusi mrefu, Wajapani walimwita Yasuke, aliletwa na mapadri Wajesuiti, na padri mmoja wa Kifaransa aliyeandika miaka ya baadaye alisema ametokea Msumbiji. Yaani mwambao huu huu wetu, ukiteremka. Yasuke alitoka pale akakimbilia kwa mtoto wa Nobunaga, akapigana muda mrefu, halafu mtu wa Akechi akamwambia toa upanga, akautoa. Akechi akaulizwa tumfanyeje huyu, akajibu kwa dharau kwamba ni mnyama tu, si Mjapani, msimuue, mpelekeni kwa mapadri.

Watu wakimsimulia Yasuke siku hizi wanamfanya samurai wa kwenye magemu, na wanapofika hapo kwenye kutoa upanga wanaharakisha. Mimi naona hapo ndipo pazuri. Bwana wake amekata tumbo, mtoto wa bwana naye akakata, na yeye kaambiwa lete upanga kaleta. Dharau ya Akechi ndiyo iliyomwokoa: ile heshima ilikuwa ya wenyewe, mgeni hana tumbo la kufungua. Na yeye akaondoka hai. Baada ya hapo historia haimtaji tena kwa uhakika, na ninafurahi hivyo hivyo, namuwazia mahali fulani anazeeka.

Turudi kwenye tumbo. Jamaa yangu wa Osaka alinitumia vois nouti ya pili, hii fupi, dakika sita. Anasema kwenye mahoteli ya kule wanachoma sana mkunga, samaki mrefu kama nyoka. Tokyo wanampasua mgongoni. Osaka wanampasua tumboni. Ukiuliza kwa nini utaambiwa Tokyo, Edo ya zamani, ulikuwa mji wa samurai, nani atatamani kuona tumbo linapasuliwa wakati wa kula, na Osaka ni mji wa wafanyabiashara, wao kupasua tumbo ni kuongea bei kwa ukweli. Kama ni kweli au ni hadithi ya wapishi mimi sijali, nimeipenda.

Halafu akanipa mawili ya ofisini. La kwanza, bosi wa kampuni akilazimishwa kujiuzulu ili kubeba lawama za wengine, wanasema amekatishwa tumbo. Kumbe wao wanalikumbuka hilo, kwamba lile jambo mara nyingi lilikuwa la kusukumwa! Kiingereza kimechukua neno kikaacha mkono uliokuwa unasukuma. La pili ndilo lililonimaliza: jibara. Tumbo langu mwenyewe. Kulikata tumbo lako mwenyewe, kwa Kijapani cha leo, ni kulipa kwa hela yako ya mfukoni kitu ambacho ofisi ndiyo ilitakiwa kulipa. Umeenda safari ya kikazi, teksi haikurudishiwa, umekata tumbo lako. Mwalimu kanunua chaki kwa mshahara wake, kakata tumbo lake. Watu wanalisema kila siku kwenye mikahawa, mwenye wali mdomoni, hamna anayewaza upanga.

Basi siku ya tatu usiku nikarudi kwenye sentensi yangu. Yule mwanasiasa wa Ulaya hakuamriwa na mtu, hakufungua siri yoyote, hakukiri chochote, alitoa visingizio kwa dakika ishirini mbele ya kamera. Hakukuwa na hara wala kiri. Nikasema hapa siweki harakiri, nitakuwa namtukana Taki. Nikaandika "amejichongea mwenyewe". Nililipenda kwa sababu ndani yake mna kisu, kuchonga, na mna ujinga wa mtu kujitafutia, na halina utukufu. Shangazi nilimsomea akasema hilo sasa limeeleweka, huyo mtu mjinga.

Nikatuma. Mhariri akanijibu asubuhi, shukrani nyingi, kazi safi, kabadilisha sehemu moja tu. Kaweka "amejiua kisiasa".

Sikubishana. Kazi nalipwa kwa neno, shilingi 60 kwa neno la Kiingereza, na mwandishi aliandika maneno mawili pale, kwa hiyo nimeingiza shilingi 120. Bando nililochoma kwa siku tatu nikisoma habari za Kobe na Sakai na mikunga ni shilingi 10,000, kwenye ankara hakuna pa kuliandika. Nikamtumia jamaa yangu wa Dodoma hesabu hiyo akaisikilize. Safari hii hakutuma vois nouti. Aliandika neno moja tu, jibara, na kikatuni cha mtu anacheka ameshika tumbo.